Uvimbe wa mbwa ni hasara ya mfugaji, usidharauliwe

MFUGAJI wa Nangara, mjini Babati, akiona ng'ombe wake ametoka uvimbe shingoni, hamalizi siku mbili bila kumtafuta afisa mifugo. Akiona nguruwe wake hali chakula, atamuuliza jirani, atapiga simu na atakwenda duka la pembejeo kuulizia dawa. Lakini mbwa wake akitoka uvimbe tumboni, au akianza kuvuja damu sehemu za siri, jambo hilo huishia kwenye maneno mawili tu: atapona mwenyewe.

Asipopona, hatua zinazofuata zinajulikana. Wapo wanaompaka oili chafu ya gari. Wapo wanaommwagia maji ya betri. Wapo wanaomfunga kamba na kwenda kumtupa mbali na makazi ya watu. Baada ya siku chache, mtoto wa nyumba hiyo anaonekana akirudi nyumbani na mtoto wa mbwa aliyepewa na jirani. Kazi inaanza upya, na hakuna aliyeandika hasara hiyo mahali popote.

Wakati umefika kwa wafugaji wa Nangara, na wa miji mingine midogo inayofanana nayo, kuanza kuiandika. Uvimbe wa mbwa ni suala la uchumi wa kaya, na sehemu kubwa ya hasara yake inaweza kuzuiwa kwa gharama ndogo, ili mradi watu wafanye kwa pamoja.

Mbwa hana bei, lakini ana kazi

Mkulima wa Babati ni mtu wa bei. Anajua bei ya gunia la mahindi la leo na la mwezi uliopita. Anakumbuka vizuri jinsi soko la mbaazi lilivyoanguka mwaka 2017, baada ya India kuwekea mipaka mbaazi zinazoingia nchini mwake. Anajua jogoo anauzwaje wiki ya sikukuu na anauzwaje wiki inayofuata.

Mbwa hayumo katika hesabu hizo kwa sababu hauzwi mnadani. Lakini kazi yake inaonekana kila usiku. Analinda zizi dhidi ya fisi na wezi. Analinda banda la kuku dhidi ya kicheche na nguchiro. Mchana anafuatana na mchungaji machungani. Kwa wenye mashamba kandokando ya Ziwa Babati, ambako viboko hutoka majini usiku kutafuta malisho, mbwa ndiye anayemwamsha mwenye shamba.

Chukua hesabu ya mfano. Familia ina mbuzi 20, na kila mmoja anakadiriwa kuwa na thamani ya Sh 100,000. Zizi hilo lina mali ya Sh milioni 2. Familia hiyo ikiamua kuajiri mlinzi wa usiku kwa Sh 80,000 kwa mwezi, itatumia Sh 960,000 kwa mwaka, yaani karibu nusu ya thamani ya mbuzi wote. Mfugaji mdogo hawezi gharama hiyo. Mbwa anaifanya kazi hiyo kwa makombo ya ugali na chanjo.

Mbwa huyo akifa au akitupwa, yule mdogo anayechukua nafasi yake anahitaji mwaka mmoja au zaidi kabla ya kuwa mlinzi wa kutegemewa. Katika mwaka huo, fisi akichukua mbuzi wawili tu, ni Sh 200,000. Kila mfugaji anaweza kuweka bei zake mwenyewe mahali pa hizi za mfano. Jibu litabadilika kidogo, lakini halitakuwa sifuri.

Si kila uvimbe ni saratani

Kosa la kwanza linalofanyika ni kuchukulia kila uvimbe kuwa ni kitu kimoja. Kuna vivimbe vinavyopona vyenyewe, kuna vinavyotibika nyumbani, na kuna vinavyoua. Mfugaji anayejua tofauti anaokoa pesa, kwa sababu anajua lini atumie na lini asubiri.

Mbwa wadogo huweza kuota chunjua, ambazo wengine huziita sunzua, kwenye midomo na ndani ya kinywa. Zinasababishwa na virusi na kwa kawaida hupukutika zenyewe katika muda wa wiki au miezi michache. Hazihitaji kukatwa kwa wembe.

Jipu nalo ni la kawaida, hasa baada ya mbwa kuumana. Linakuja haraka, lina joto, linauma na lina usaha. Pale kupe alipong'ang'ania pia huweza kubaki kinundu kigumu kwa siku kadhaa. Uvimbe mdogo wenye tundu juu yake mara nyingi una buu wa nzi anayetaga mayai mchangani, kwenye sehemu ambazo mbwa hulala. Buu huyo hutoboa ngozi na kukua ndani yake. Dawa yake ni kumtoa akiwa mzima, kusafisha kidonda na kufagia mahali pa kulala.

Mbwa mzee aliyeshiba huweza kuwa na uvimbe laini wa mafuta chini ya ngozi, unaoteleza ukiguswa na usiouma. Mara nyingi huo hauna madhara, ila uangaliwe usikue.

Vivimbe vya kuhofiwa ni vya namna nyingine. Ni vile vinavyokua mwezi hadi mwezi, vigumu, vilivyoshikamana na nyama, vinavyopasuka na kutoa damu, au vinavyogeuka kidonda kisichopona. Uvimbe kwenye matiti ya mbwa jike ni wa hatari zaidi, kwani sehemu kubwa ya vivimbe vya aina hiyo huwa ni saratani, na saratani hiyo huweza kufika kwenye mapafu. Mbwa mwenye ngozi nyeupe na manyoya machache tumboni anaweza kupata saratani inayotokana na jua. Ipo pia saratani ya ngozi inayovimba leo na kunywea kesho, ambayo humfanya mwenye mbwa adhani kuwa imepona.

Saratani inayoambukiza

Katika orodha hiyo yote, kuna moja inayostahili kuangaliwa peke yake na wafugaji wa maeneo ambako mbwa huzurura. Ni saratani ya sehemu za siri, inayotoka kwa mbwa mmoja kwenda kwa mwingine wakati wa kupandana. Inaweza pia kuhamia puani, mdomoni na kwenye ngozi, kwa sababu mbwa hunusana na kulambana.

Saratani nyingi huanzia na kuishia ndani ya mwili wa mgonjwa mmoja. Hii haiko hivyo. Chembe hai zenyewe za saratani ndizo zinazohama na kuota kwenye mwili wa mbwa mwingine, kama mche unaohamishwa kutoka kitalu kimoja kwenda kingine. Mwaka 1876 mtaalamu wa mifugo wa Urusi, Mstislav Novinsky, alithibitisha jambo hilo kwa kuihamisha kutoka mbwa hadi mbwa. Mwaka 2019, watafiti waliochunguza vivimbe 546 kutoka nchi 43 walieleza kuwa vyote vilitokana na mbwa mmoja aliyeishi Asia kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita. Mbwa huyo alikufa zamani, lakini saratani yake bado inazunguka duniani.

Dalili zake huwadanganya wengi. Mbwa jike hutoa matone ya damu, na mwenyewe husema yuko kwenye joto. Wiki nne au tano zinapita na damu haikatiki. Kwa dume, damu hutoka kwenye uume na watu hudhani ameumia au ana ugonjwa wa mkojo. Ukikagua vizuri utaona nyama nyekundu yenye vinundu vinundu, inayotoa damu kirahisi ikiguswa. Huanza kuonekana baada ya miezi kadhaa tangu mbwa aambukizwe, na ndiyo maana mwenye mbwa hakumbuki ameitoa wapi.

Jambo moja lisemwe wazi ili kuondoa hofu. Saratani hii haimpati binadamu, wala haiwapati ng'ombe, mbuzi au nguruwe. Hakuna sababu ya kumchoma moto mbwa mwenye ugonjwa huo, wala ya kumwogopa kama aliyelaaniwa.

Dawa ipo, ila si ya kujitibia

Habari njema ni kwamba, miongoni mwa saratani zote za mbwa, hii ni mojawapo ya zinazotibika vizuri zaidi. Dawa inayotumika zaidi inaitwa vinkristini. Hutolewa kwa sindano ya mshipa mara moja kwa wiki, na mbwa wengi hupona baada ya sindano nne hadi sita. Ni dawa hiyo hiyo inayotumika hospitalini kutibu baadhi ya saratani za binadamu, zikiwamo za watoto.

Asili yake ni mmea wa Madagaska wenye maua ya rangi ya waridi au meupe, ambao watu wengi wa Afrika Mashariki wameupanda kwenye bustani kama pambo. Lakini asitokee mtu wa kuchemsha maua hayo na kumnywesha mbwa. Kiasi kinachotibu na kiasi kinachoua vinakaribiana sana. Hata dawa yenyewe iliyotengenezwa kiwandani, ikimwagika nje ya mshipa, huunguza nyama. Inahitaji daktari wa mifugo anayejua kuipima, na mtu mwenye ujauzito hapaswi kuishika.

Kabla ya dawa, kuna kipimo. Daktari huchukua majimaji ya uvimbe, huyapaka kwenye kioo na kuyaangalia kwa darubini. Kwa vivimbe vingine vya kutiliwa shaka, sampuli inaweza kupelekwa kwenye maabara, kama ile ya kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania kilichopo Arusha.

Ama oili chafu na maji ya betri, hivyo havitibu saratani yoyote. Vinachoma ngozi ya juu, mbwa anailamba sumu, na uvimbe unaendelea kukua chini. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Je, inalipa?

Hapa mfugaji ana haki ya kuuliza swali la kibiashara. Ikiwa sindano tano, pamoja na nauli ya daktari, zitafika Sh 150,000, na mtoto wa mbwa anapatikana bure kwa jirani, kuna faida gani ya kutibu?

Swali hilo lisipuuzwe. Ni kweli kwamba kwa kaya nyingi, kutibu mbwa mmoja kwa gharama hiyo ni mzigo, na wapo watakaoamua, baada ya kupiga hesabu, kwamba hawawezi. Lakini hesabu ya "mtoto wa mbwa ni bure" ina upungufu wa aina mbili.

Kwanza, haihesabu ule mwaka ambao zizi halina mlinzi. Pili, haihesabu kwamba mtoto huyo wa mbwa atakua na kuzurura na mbwa wale wale waliomwambukiza mwenzake. Baada ya mwaka mmoja au miwili, familia inarudi pale pale. Anayebadilisha mbwa bila kubadilisha mazingira analipa gharama ile ile kwa awamu.

Hapo ndipo ilipo hoja kubwa ya kiuchumi. Mfugaji anayemwachia mbwa wake azurure usiku kucha hapati hasara peke yake. Anaisambaza kwa majirani. Na yule anayemfunga na kumtibu wa kwake, faida yake nusu inapotea kwa sababu ya mbwa wa wengine. Kila mmoja akifanya hesabu ya nyumba yake tu, jibu linakuwa "niache". Wakifanya hesabu ya mtaa mzima, jibu linabadilika.

Uingereza inatoa mfano. Saratani hii ilielezwa kwa maandishi London mwaka 1810, na mbwa wengi wa huko walikuwa nayo. Katika karne ya 20 ilitoweka karibu kabisa. Hakukuwa na chanjo dhidi yake wala kampeni ya kuwatibu mbwa wote. Watafiti wanaona sababu kubwa ni sheria za kudhibiti mbwa wanaozurura, ambazo wala hazikutungwa kwa ajili ya saratani. Mbwa walipoacha kuzurura na kupandana ovyo, saratani ilikosa njia.

Siku ya chanjo itumike vizuri

Kwa Nangara, njia ya kufika huko inaweza kuanza na kitu ambacho tayari kinafahamika: chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa unaoua watu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kuwa unaua watu karibu 1,500 kila mwaka Tanzania. Wataalamu wanashauri mbwa wasiopungua asilimia 70 wachanjwe ili ugonjwa ukatike. Kwamba jambo hilo linawezekana kumeonekana kisiwani Pemba, ambako kampeni za chanjo ziliuondoa ugonjwa huo. Uliporudi, ulitokomezwa tena mwaka 2018.

Siku ya chanjo, sehemu ngumu na ya gharama inakuwa imekwisha kufanyika. Mbwa ameletwa, amefungwa kamba, mwenyewe yupo na mtaalamu yupo. Kumpapasa mbwa huyo mgongoni, tumboni, kwenye matiti na sehemu za siri hakuchukui zaidi ya dakika mbili. Kinachoongezeka ni msaidizi mmoja na daftari moja.

Halmashauri ya Mji wa Babati ingeweza kuanza na kata moja. Mbwa mwenye uvimbe wa kutiliwa shaka aandikwe, na mwenyewe apewe karatasi inayomwelekeza wapi aende. Mwisho wa siku, daftari hilo lingeonyesha kitu ambacho kwa sasa hakuna anayekihesabu: mbwa wangapi wana vivimbe, wa mtaa gani na wa aina gani. Bila idadi hiyo hakuna daktari wala muuza dawa atakayepanga huduma, kwa sababu hakuna anayeweza kupanga biashara bila kujua soko.

Hatua ya pili iwe ni kuhasi madume na kuwatoa kizazi majike ambao wenyewe hawahitaji watoto. Wakiandikishwa 15 au 20 kwa pamoja, gharama ya kumleta daktari inagawanywa. Jike aliyetolewa kizazi akiwa mdogo, kabla ya joto lake la kwanza, anapunguziwa sana pia hatari ya saratani ya matiti.

Wapo wanaosema mbwa aliyehasiwa hawi mkali. Watu wa Babati wanalo jibu la hoja hiyo mashambani mwao. Maksai amehasiwa, na hakuna anayesema hawezi kuvuta jembe. Mbwa aliyehasiwa bado analinda nyumba yake. Kinachopungua ni hamu ya kuondoka usiku kufuata majike, na mlinzi anayebaki nyumbani ni bora kuliko anayezurura.

Njia ya kuwaua mbwa wanaozurura kwa sumu au risasi haifai kutegemewa. Mabaki ya chakula na majalala yakiendelea kuwapo, wengine huja kuchukua nafasi, tena wasiochanjwa. Sumu nayo haichagui, inaweza kumuua mbwa mwenye mwenyewe au nguruwe wa jirani.

Kila mmoja ana sehemu yake

Mfugaji asisubiri halmashauri. Mara moja kwa wiki ampapase mbwa wake kuanzia kichwani hadi mkiani. Akikuta uvimbe, aupime kwa kulinganisha na punje ya mahindi, punje ya maharage au yai, na akumbuke tarehe. Ukiwa umekua baada ya wiki tatu au nne, au ukitoa damu, amwone mtaalamu. Uvimbe wa ukubwa wa punje ya maharage hukatwa kwa urahisi. Ule wa ukubwa wa yai ni kazi kubwa na bei kubwa.

Mbwa jike akiwa kwenye joto afungiwe ndani ya uzio mpaka limalizike. Mchana mbwa afungwe, usiku aachiwe ndani ya boma. Anayemkagua mbwa amfunge mdomo kwanza kwa kamba laini, hata kama ni mpole, kwa sababu mwenye maumivu huuma. Mtu akiumwa, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo.

Wenye maduka ya pembejeo nao wana nafasi. Mteja akija kusema "nipe dawa ya uvimbe wa mbwa", muuzaji mwaminifu hampi chupa yoyote iliyopo karibu. Anamuuliza uvimbe upo wapi, una muda gani na unatoa damu au la, kisha anampa namba ya daktari. Duka linaloweza kukusanya majina ya wenye mbwa na kumleta daktari siku moja kwa mwezi litauza kamba, minyororo, dawa za kupe na za minyoo kwa watu hao hao. Hiyo ni biashara halali, na mteja hurudi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mbwa wa Nangara, ufa ni kile kinundu kidogo kinachoguswa leo na kuachwa. Ukuta ni zizi lisilo na mlinzi usiku ambao fisi atapita.